Usiipige dairekti: feni ya umeme kwenye gari la zamani

Ukikaa nusu siku kwenye gereji ya kando ya barabara hapa Mwanga, hukosi kusikia ombi hili: "Fundi, gari linachemsha nikipanda Usangi. Nifungie feni ya umeme, unipigie dairekti tu." Fundi anachukua feni ya mtumba iliyong'olewa kwenye Corolla, anaifunga kwenye rejeta, anavuta waya mmoja kutoka betri, anaupitisha kwenye swichi ndogo ya dashibodi, na baada ya nusu saa feni inavuma. Mwenye gari anaondoka ameridhika. Na kweli, inaweza kufanya kazi hivyo mwezi mzima, hata mwaka.

Leo tuangalie kinachoendelea ndani ya ule waya mmoja muda wote huo, na namna ya kuufunga ili siku ukileta matatizo, kiungue kitu cha bei ya soda, siyo gari.

Kwanza, una uhakika tatizo ni feni?

Magari mengi ya zamani, kama Land Rover 109 na Land Cruiser za kizazi cha mwanzo, yana feni inayozungushwa na mkanda wa injini. Sasa fikiria unatoka Mwanga mjini kupandisha Kikweni. Uko gia ya kwanza au ya pili. Gari linakwenda mwendo wa kobe, lakini injini inazunguka kwa kasi, na feni ya mkanda inazunguka nayo. Kwa hiyo kama gari linachemsha katikati ya mlima, feni ya mkanda si ya kwanza kushukiwa. Angalia rejeta iliyojaa kutu ndani, au iliyoziba kwa vumbi na nyasi nje, mkanda unaoteleza, klachi ya feni iliyochoka, na hasa mfuniko wa rejeta.

Mfuniko huo watu wanaudharau mno. Kazi yake ni kushikilia presha. Presha ikizidi ile ya hewa ya nje kwa kiasi cha angahewa moja, maji hayachemki hadi yakaribie nyuzi 120. Mfuniko ukichoka, unarudi kwenye hali ya sufuria ya wazi, na sufuria ya wazi juu Usangi haifiki hata nyuzi 100: kila mita 300 hivi unazopanda, joto la kuchemka linashuka kwa karibu nyuzi moja, kwa hiyo huko juu maji yanachemka karibu na nyuzi 96. Umepoteza zaidi ya nyuzi 20 za akiba kwa sababu ya mpira mdogo uliokatika ndani ya mfuniko. Feni ya umeme haitakurudishia hizo, na wala haitazibua rejeta.

Inasaidia wapi basi? Inasaidia pale gari linaposimama injini ikiwa inawaka. Umefika juu, unashusha mizigo, injini inanguruma taratibu, na joto la mlima mzima bado limo kwenye chuma. Feni ya mkanda sasa inazunguka polepole kwa sababu injini inazunguka polepole. Feni ya umeme haijali injini inafanya nini. Kwenye lami ya kutoka Same kuja Mwanga, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo wenyewe unatosha na huhitaji feni yoyote. Wahandisi walilijua hili zamani: Peugeot 504, ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki wanalikumbuka vizuri, lilikuwa na feni ya mkanda yenye klachi ya sumaku-umeme, ili maji yakipoa feni iachiwe.

Kama umeshahakikisha hayo na bado unaitaka feni ya umeme, twende kwenye waya.

Sentensi moja ya fizikia

Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya joto linalotokea umeme unapopita kwenye metali. Alionyesha kwamba joto hilo hupanda kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Mkondo ukiwa mara kumi, joto linakuwa mara mia. Shika hiyo tu, mengine yote ya leo yanatoka humo.

Tuchukue feni inayokula ampea 15. Fundi ametumia waya mwembamba wa shaba, wenye unene wa milimita 1 ya mraba. Waya wa namna hiyo una ukinzani wa omu 0.017 hivi kwa kila mita. Kutoka betri hadi dashibodi na kurudi mbele kwenye feni, mita 4 zinaisha upesi, kwa hiyo njia nzima ina omu 0.07. Zidisha kwa ampea 15: volti 1 nzima inapotea njiani, na waya unatoa joto la wati 15 bila kupumzika. Feni inapata volti pungufu, inazunguka kivivu, na wewe unalaumu mtumba. Ukiweka waya wa milimita 4 za mraba, hasara inashuka hadi robo: robo ya volti, na wati 4 zilizotawanyika kwenye mita 4. Hata ukiushika kwa mkono husikii kitu.

Hapo bado hakuna kilichoharibika. Sasa turudi kwenye ule waya mwembamba, umepitishwa kwenye tundu la ukuta wa bati unaotenganisha injini na dereva, na hakuna mpira wa kuukinga. Barabara ya mlimani inatikisa. Bati linakwangua plastiki kidogo kidogo, kama mtu anayekata kamba kwa kisu butu. Siku moja shaba inagusa bodi, na hiyo ndiyo shoti. Feni iliyokuwa inazuia mkondo usizidi ampea 15 haimo tena njiani. Kilichobaki ni mita 3 za waya, zenye omu 0.05, na betri yenyewe ambayo ikiwa nzima ina ukinzani wa ndani wa karibu omu 0.01. Volti 12 ukigawa kwa 0.06 unapata ampea 200.

Mraba wa 200, zidisha kwa 0.05: wati 2,000.

Hiyo ni nguvu ya birika la umeme. Ila birika linachemsha lita moja na nusu ya maji, na huku nguvu yote inaingia kwenye gramu 27 za shaba, maana ndio uzito wa waya wenyewe. Kwa kuanzia, shaba hiyo inapanda karibu nyuzi 190 kila sekunde. Kabla abiria hajauliza "hii harufu ya nini?", plastiki imeshayeyuka, na nyaya nyingine zilizofungwa naye kwenye fungu moja nazo zimebaki uchi. Humo ndani ya boneti kuna mafuta, kuna vumbi lililolowa grisi, na kuna mpira wa petroli. Hivi ndivyo gari linavyowaka moto kwa sababu ya feni ambayo yenyewe ni nzima kabisa.

Fyuzi ni ya waya

Ukimuuliza mtu fyuzi inalinda nini, atakwambia inalinda feni. Hapana. Feni ikiungua imeshaungua. Fyuzi inalinda waya. Ni kipande kifupi cha waya dhaifu tulichokichagua wenyewe kife kwanza, ndani ya kisanduku ambacho hakiwezi kuwasha kitu kingine.

Ukiielewa hivyo, maswali mawili yanajijibu. La kwanza: fyuzi ikae wapi? Ikae karibu kabisa na betri, ndani ya shubiri moja ikiwezekana. Kipande chochote cha waya kilichoko kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi. Nimeshaona fyuzi imefungwa nadhifu kabisa pembeni ya feni, mwisho wa safari, huku mita 3 zilizopita kwenye bati zikiwa hazina mlinzi. Fyuzi hiyo ni pambo.

La pili: iwe ya ampea ngapi? Lazima iwe chini ya kile ambacho waya unaweza kubeba, na juu kidogo ya kile ambacho feni inakula. Feni nyingi za magari madogo zinakula ampea 8 hadi 15 zikishazunguka. Lakini wakati wa kuanza zinavuta mara tatu au zaidi kwa muda mfupi sana, kwa sababu mota ikizunguka huzalisha volti yake inayoipinga ile ya betri, na ikiwa imesimama haina cha kupinga. Fyuzi ya kawaida inavumilia ruko hilo fupi. Kwa feni ya ampea 12 hadi 15, mimi ningeweka waya wa milimita 4 za mraba na fyuzi ya ampea 25. Waya wa milimita 2.5 nisingeupa fyuzi ya zaidi ya ampea 20.

Kuna hali moja ya kuiogopa: feni iliyokwama. Tope limekauka kwenye bawa, au kijiti kimeingia. Mota imesimama, inavuta ule mkondo mkubwa wa kuanzia, ila sasa siyo kwa sehemu ya sekunde. Fyuzi sahihi itakatika. Na hapo ndipo dereva anapoharibu: anasema fyuzi ilikuwa ndogo, anaweka ya 40, au anaviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ilikuwa inakwambia kitu, wewe umeinyamazisha. Izungushe feni kwa mkono kwanza, betri ikiwa imefunguliwa.

Na waya uwe waya wa gari. Huu wa kufungia taa za nyumbani, wenye shaba moja nene katikati, umebuniwa kulala ndani ya bomba ukutani bila kutikiswa. Kwenye gari utakatika kwa ndani. Halafu plastiki yake ya kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Chini ya boneti, mchana wa jua la tambarare hii ya kuelekea Nyumba ya Mungu, joto hilo linafikiwa kabla waya haujabeba hata ampea moja. Nyaya za magari huvumilia zaidi, nyingi hadi nyuzi 105. Ukinunua, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ina ukinzani mkubwa zaidi kwa unene uleule. Rudisha.

Rilei inafanya nini

Swichi ndogo ya dashibodi haikuundwa kubeba ampea 15. Kila ukiizima feni, cheche inaruka ndani yake, na siku moja vidole vyake vya shaba vinashikana au kuyeyuka. Zaidi ya hapo, kupeleka mkondo mkubwa hadi kwa dereva ndiko kunakorefusha waya na kuulazimisha upite kwenye lile tundu la bati.

Rilei inaondoa safari hiyo. Ni swichi nzito inayovutwa na sumaku-umeme ndogo, na sumaku hiyo inakula ampea 0.2 tu au pungufu. Unaifunga mbele, karibu na betri, na mkondo mkubwa haurudi tena ndani. Namba zilizoandikwa chini yake zinatoka kwenye kiwango cha Kijerumani cha DIN 72552, na ni zilezile kwenye rilei nyingi utakazokuta dukani. Mguu wa 30 unapokea moto kutoka betri kupitia ile fyuzi kubwa. Wa 87 unaupeleka kwenye feni. Ya 86 na 85 ni ya sumaku: 86 ipewe moto wa ufunguo, yaani ule unaokuwepo ukishawasha gari tu, kupitia fyuzi ndogo ya ampea 5, na 85 iende kwenye swichi ya joto ya rejeta, kisha bodi. Ukikuta mguu wa katikati umeandikwa 87a, uache wazi.

Kama unataka na swichi ya dereva, ifunge sambamba na ile ya joto, ili yoyote kati ya mbili iweze kuwasha feni. Ukiifunga kwa mfuatano, siku dereva mwingine akiisahau imezimwa, swichi ya joto haina la kufanya.

Halafu kuna mtego wa Toyota, na kwa kuwa nusu ya mitumba yetu ni Toyota, msikilize vizuri huu. Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina swichi ya joto inayofanya kazi kinyume: maji yakiwa ya baridi imeunga, yakipata moto inakata, na rilei yake ya kiwandani imetengenezwa kuendana na hilo. Ni wazo zuri, maana waya ukikatika feni inazunguka tu. Lakini ukichukua swichi hiyo na kuifunga kwenye rilei ya kawaida, feni itazunguka asubuhi injini ikiwa baridi, na itazima maji yakikaribia kuchemka. Ipime kabla: itumbukize ncha ya swichi kwenye sufuria ya maji jikoni, weka kipimajoto, unganisha mita, na uangalie inaunga au inakata kwenye nyuzi ngapi. Nyingi hubadilika kati ya 85 na 95. Kama uko juu milimani, kumbuka sufuria yako inaishia karibu na 96, kwa hiyo swichi ya 95 itakuchelewesha kidogo.

Dainamo, na chanya kwenye bodi

Hapa wenye Land Rover za zamani kabisa mnisamehe. Nyingi za Series IIA zilikuwa na dainamo ya Lucas C40, ambayo ikiwa mpya ilitoa ampea 22. Series III, iliyoanza 1971, ilikuja na alteneta, na ile ya Lucas 16ACR inatoa ampea 34. Piga hesabu ya usiku wa mvua: taa kubwa ampea 9, wipa 3, koili ya plagi 3 au 4. Ongeza feni ya 15 na umefika 30. Dainamo imeshashindwa, betri ndiyo inayolipa deni. Mbaya zaidi, injini ikinguruma taratibu dainamo haitoi karibu kitu, na ndio wakati uleule unaoihitaji feni. Kwa maoni yangu, mwenye dainamo abaki na feni yake ya mkanda, au abadilishe aweke alteneta kwanza.

Land Rover za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zina jambo lingine: chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Mota ya feni ukiigeuzia nyaya haitaungua, itazunguka kinyume, na feni inayozunguka kinyume inapigana na upepo wa gari. Hata kwenye gari la kawaida kosa hili hutokea. Washa feni gari likiwa limesimama, shika karatasi ya daftari mbele ya rejeta. Ikinyonywa na kuganda kwenye rejeta, uko sawa. Ikipeperushwa kukujia, geuza nyaya mbili za feni.

Na tafadhali, feni ishikwe na mabano ya chuma yaliyofungwa kwenye fremu. Vile vibanio vya plastiki vinavyochomwa katikati ya mapezi ya rejeta vinakwangua mirija, na kwa barabara zetu hazichukui muda kuitoboa.

Viungio, kisha kupima

Umeme unatoka betri na lazima urudi. Waya wa bodi wa feni uwe mnene sawasawa na ule wa moto, ufungwe kwa bolti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu hadi king'ae. Kiungio kibovu kina ukinzani wa omu 0.1, hauonekani kwa macho. Kwa ampea 15, hiyo ni wati 22, ambayo ni sawa na balbu ya breki, imewekwa ndani ya kiungio kikubwa kama punje ya hindi. Jaribu kuishika balbu ya breki iliyowaka dakika tano. Na hapa fyuzi haikusaidii chochote: mkondo ni ule ule wa ampea 15, fyuzi inaona mambo yako shwari. Ndiyo maana kusokota nyaya na kuzungushia tepu nyeusi sikubali. Tumia temino zilizobanwa kwa koleo lake.

Ukimaliza, usikabidhi gari bado. Liache linanguruma na feni ikizunguka dakika ishirini. Chukua mita, iweke kwenye volti, ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya wa moto pale unapoingia kwenye feni. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi. Ukisoma zaidi ya nusu volti upande wowote, kuna ukinzani umejificha njiani. Mita inaweza kukuonyesha uko wapi ukisogeza ncha kutoka kiungio hadi kiungio: kabla ya fyuzi na baada yake, mguu wa 30 na wa 87, kila temino. Kama huna mita, zima gari, fungua betri, kisha pitisha vidole juu ya kila kiungio kuanzia betri hadi bodi. Vuguvugu si mbaya. Ukikuta pamoja panaunguza wakati penginepo pote pamepoa, fungua hapohapo, safisha, bana upya, na upime tena kabla ya kupandisha Kikweni.